Usiku wa Ijumaa ni upi? Kisa cha fumbo la boti nne

Wiki mbili hizi nimeulizwa sana kuhusu lile fumbo la boti, wengine wanataka jibu, wengine wanasema nimewachanganya makusudi, wengine wanauliza kabisa fumbo linatungwaje mpaka linafikia kugombanisha watu, sasa nimeona bora niliandike lote toka lilivoanza kwenye daftari mpaka lilivo leo, maana limenionyesha kitu ambacho miaka yote natunga sijawahi kukiona.

Mi nipo Kigoma mjini, pale Mwanga, nina kibanda cha uwakala, watu wanakuja kuweka na kutoa pesa za simu. Kuanzia saa nane mchana jua linakuwa kali na wateja wanapungua, ndo muda wangu wa kutunga. Nina kaunta buku, ukurasa wa kushoto naandika fumbo, wa kulia napiga jedwali. Jumamosi asubuhi naliweka mtandaoni, wanaosoma wengi ni wa hapa hapa, Ujiji, Kibirizi, Gungu, wengine Uvinza na Kasulu, wengine Tabora, na wapo walioondoka zamani wako Dar au nje kabisa ila bado wanapenda kusoma vitu vya nyumbani.

Kwa nini boti. Nilikuwa nimechoka na mafumbo ya kutafsiri. Lile la nyumba tano kila mtu ameshatumiwa, lile wanalosema la Einstein (lilichapishwa kwenye jarida la Life International Desemba 1962, na hakuna ushahidi kwamba Einstein alihusika nalo), yule raia wa Norway anakaa nyumba ya kwanza, huyu anavuta sigara hii, yule ana pundamilia. Ni fumbo zuri sana kwa ndani, lakini mtu wa Katonga hapa Kigoma akilisoma hana picha yoyote kichwani, anabaki na majina tu. Angalia lile la chui, mbuzi na majani, kila mtoto wa hapa analijua na hakuna anayeliona la kigeni, wakati kwenye mkusanyo wa Kilatini wanaouhusisha na Alcuin wa York, msomi wa Uingereza aliyefariki mwaka 804, mnyama ni mbwa mwitu na mzigo ni kabichi. Mtu fulani katikati alibadilisha mbwa mwitu akaweka mnyama ambaye kwetu kweli anakula mbuzi, na fumbo likapata uraia. Nilitaka na mimi nitunge kitu ambacho mvuvi wa dagaa akikisoma aone hiki ni changu.

Basi nikaanza na jibu. Kwenye mafumbo ya aina hii mi siku zote naanza na jibu, nachora jedwali lililokamilika ndo narudi nyuma kutafuta vidokezo vya kulifikia. Jibu lilikuwa hivi: Subira usiku wa Jumanne beseni 4, Amani usiku wa Jumatano beseni 8, Baraka usiku wa Alhamisi beseni 2, Neema usiku wa Ijumaa beseni 6. Nikaandika maelezo, ndugu wanne wana boti nne, kuanzia usiku wa Jumanne mpaka usiku wa Ijumaa kila usiku ilitoka boti moja kuvua dagaa, kila boti ilitoka mara moja, ikarudi alfajiri na mzigo ukauzwa asubuhi hiyo hiyo. Moja ilipata beseni 2, nyingine 4, nyingine 6, nyingine 8. Swali, Neema ilitoka usiku gani na ilipata beseni ngapi?

Vidokezo nilivoandika mara ya kwanza vilikuwa vitano tu. Dagaa wa Baraka waliuzwa Ijumaa asubuhi. Subira ilitoka kabla ya Amani. Amani ilipata mara mbili ya Subira. Neema ilipata beseni nyingi kuliko Baraka. Boti iliyopata beseni 8 ilitoka usiku wa Jumatano. Nikajaribu kulifumbua mwenyewe, likafunguka vizuri, jibu langu likatoka, nikafurahi.

Hapo ndo pa kuwa makini, na naomba mtu anayetaka kutunga anisikilize. We mwenyewe ukifumbua fumbo lako unapita njia uliyoichonga, unajua unapokwenda, kwa hiyo kila kona unakata kuelekea jibu lako bila hata kujua kwamba unakata. Kufika kwenye jibu lako hakuthibitishi kitu. Kinachotakiwa ni kuhesabu njia zote na kuona kwamba zingine zote zimekufa.

Nikahesabu. Boti nne kwenye usiku nne zinapangika kwa njia 24, beseni nne kwa boti nne njia 24 tena, ukizidisha unapata 576. Inaonekana nyingi ila vidokezo vinazipunguza haraka. Baraka ikishakaa Alhamisi zinabaki boti tatu kwa Jumanne, Jumatano na Ijumaa, njia 6. Subira itangulie Amani, nusu inakatika, zinabaki tatu: Subira Amani Neema, au Subira Neema Amani, au Neema Subira Amani. Upande wa beseni, Amani iwe mara mbili ya Subira na Neema izidi Baraka, hapo zinabaki mbili tu: ama Subira 2, Amani 4, Baraka 6, Neema 8, ama Subira 4, Amani 8, Baraka 2, Neema 6. Tatu mara mbili ni mistari sita, inaenea kwenye ukurasa mmoja wa kaunta buku hata kwa mwandiko wangu mkubwa. Nikaipitia mmoja mmoja kwa kidokezo cha mwisho, yule wa beseni 8 atoke Jumatano. Mmoja ukapona, ule wangu. Nikaendelea, na mwingine ukapona! Subira Jumanne na beseni 2, Neema Jumatano na beseni 8, Baraka Alhamisi na beseni 6, Amani Ijumaa na beseni 4. Kagueni wenyewe, hauvunji kidokezo hata kimoja.

Nilikaa nautazama huo mstari mpaka mteja akagonga kaunta mara mbili. Nilikuwa karibu kuliweka fumbo lenye majibu mawili mbele ya watu. Dawa yake ilikuwa rahisi, nikaongeza kidokezo cha sita, Neema haikupata beseni 8, ule mstari wa pili ukafa papo hapo. Na hicho kidokezo kikaleta kitu kizuri ambacho sikukitafuta, kililipa fumbo mlango. Zamani msomaji alikuwa hajui aanzie wapi, sasa anaweza kujiuliza nani alipata 8. Neema hapana, tumeambiwa. Baraka nayo haiwezekani, maana Neema imeizidi na hakuna zaidi ya 8. Subira hapana, ni nusu ya Amani. Basi Amani, na Subira 4, zinabaki 2 na 6, kubwa ya Neema. Mtu anafika hapo bila kugusa siku hata moja, anapata moyo, anaendelea. Fumbo bila mlango linachosha, mtu anaanza kubahatisha, na mi sitaki mtu abahatishe.

Kabla sijaliweka nikafanya na ule mtihani mwingine, kufuta kidokezo kimoja kimoja uone kama fumbo linasimama bila hicho. Kikitoka na jibu bado ni moja ujue hakina kazi. Nikafuta cha kwanza, majibu yakazidi. Cha pili, yakazidi. Mpaka cha sita, kila kimoja kikitoka fumbo linavuja. Hapo nilijisikia vizuri kwelikweli. Wanaocheza sudoku, lile fumbo la kujaza tarakimu kwenye vyumba, watanielewa, zile tarakimu wanazokupa mwanzo zikipungua 17 hakuna sudoku yenye jibu moja tu, Gary McGuire na wenzake wa Ireland walilithibitisha hilo mwaka 2012 kwa kupekua kila uwezekano kwa kompyuta. Mi sina kompyuta ya hivo ila napenda ile hali ya kujua kwamba hakuna kitu cha ziada, kila neno limebeba mzigo wake.

Jumamosi nikaliweka.

Malalamiko ya kwanza yalikuja mapema na yalikuwa haki. Kijana mmoja wa Kasulu akasema fumbo halina jibu kabisa, na akatuma skrinishoti ya kazi yake. Nikaangalia, kaanza na Subira 2 na Amani 6. Nikataka kumwambia rudi shule, nashukuru sikumwambia, maana nilivorudi kusoma nilichoandika nikakuta wakati wa kunakili kwenye simu nimeandika "Amani ilipata mara mbili zaidi ya Subira". Zaidi! Yeye kasoma kwamba Amani ina ya Subira halafu na mara mbili yake juu, yaani tatu. Na ukisoma hivo kweli fumbo linakufa, maana zinabaki 4 na 8, Neema lazima ichukue 8 ili iizidi Baraka, na kidokezo cha sita kinakataa. Kijana kafikiri sawasawa kabisa kwa maneno aliyopewa. Nikafuta lile "zaidi" nikaandika "Subira ilipata nusu ya beseni za Amani", nusu haina ubishi.

Ya pili ikatoka Kibirizi, na hii ilikuwa kuhusu picha. Nilitengeneza picha ya ziwa usiku, boti, taa, na juu mwezi mkubwa wa duara kwa ajili ya urembo. Dada mmoja anayeuza dagaa pale akaandika, "Kaka, mwezi huo unavua dagaa gani?" Watu wakacheka sana ila ana haki. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa hivi taa za betri na sola, samaki wanaufuata mwanga unaoning'inia juu ya maji kwenye giza, sasa mwezi mpevu ukiwaka ziwa zima limeangaziwa, taa yako haina nguvu, ndo maana siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Akaongeza na lingine, kwa nini boti moja tu itoke kila usiku wakati zipo nne na giza ndo hili la kuvulia? Mi nilikuwa nimeweka hiyo sheria kwa sababu fumbo linaihitaji, basi. Msomaji wa mbali anaikubali tu, lakini mtu anayeishi na boti inamkera, anaona hawa ndugu wanne hawana akili ya biashara. Nikamuuliza dada, kitu gani kingewafanya ndugu wanne watoe boti moja moja? Akajibu hapo hapo, injini. Wana boti nne na injini moja, wanapokezana. Neno moja hilo limeipa sheria sababu, na sasa hakuna haja hata ya kusisitiza "boti moja tu kila usiku", msomaji anaielewa mwenyewe.

Hayo yote ni madogo. Jumapili ndo likaja lenyewe.

Majibu yalikuwa yamegawanyika vipande viwili, na sio kwamba wengine wamepata na wengine wamekosa ovyo ovyo, hapana, jibu la pili lilikuwa moja na wote waliolipata walikuwa wameandika kitu kile kile: Neema, usiku wa Alhamisi, beseni 6. Mi jibu langu ni usiku wa Ijumaa, beseni 6. Nikadhani labda mmoja kakosea wengine wamenakili kwake. Mama mmoja nikamjibu kwa heshima, "Mama, naomba urudie kidokezo cha kwanza," akarudia, akaleta lile lile. Nikamwomba anipigie picha kazi yake. Picha ikaja, karatasi ya daftari la mwanafunzi, jedwali limenyooka kwa rula, Subira Jumanne, Amani Jumatano, Neema Alhamisi, Baraka Ijumaa, beseni zote sahihi. Kila mstari una maelezo pembeni. Kosa sikuliona. Kitu pekee tulichotofautiana ni kwamba yeye Baraka kaiweka usiku wa Ijumaa, mimi Alhamisi, na vyote vingine vikafuata.

Kwangu ilikuwa wazi, mzigo umeuzwa Ijumaa asubuhi, kwa hiyo umevuliwa usiku wa kabla yake, Alhamisi usiku. Sasa yeye anawezaje kuuza Ijumaa asubuhi dagaa ambao hawajavuliwa mpaka Ijumaa usiku?

Mzee mmoja wa Ujiji, alikuwa mvuvi huyo, sasa amepumzika, ndo alinifungua. Ananifuatilia kupitia simu ya mjukuu wake. Akanitumia voisi, nami nikampigia kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hili fumbo lako sisi wa huku tumelimaliza jana, mbona unasema tumekosea?"

Nikamweleza kama nilivoeleza hapa. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Yasini ya usiku wa Ijumaa inasomwa lini?"

Nikajibu, Alhamisi baada ya magharibi.

"Basi usiku wa Ijumaa ndo huo. Boti imetoka magharibi ya Alhamisi, usiku wa Ijumaa umeingia, imevua, imerudi alfajiri, imeuza Ijumaa asubuhi. Ijumaa ni moja hiyo, mwanangu. Hiyo unayoiita wewe usiku wa Ijumaa, sisi ni usiku wa Jumamosi."

Nilibaki na simu sikioni. Nimezaliwa hapa, hayo maneno nimeyasikia toka utotoni, na kisomo cha usiku wa Ijumaa nakijua ni Alhamisi, lakini nikishika kalamu nikaanza kuandika fumbo nahesabu siku kwa kalenda ya ukutani, inayobadilika saa sita usiku. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili, kama ilivo ya Kiislamu, siku inaanza jua likizama, usiku unatangulia na mchana wake unafuata. Hesabu zote mbili zinaishi Kigoma, mtaa mmoja, wakati mwingine nyumba moja, na watu wanaelewana kila siku kwa sababu wanaongea wanaonana, mtu akipotea anauliza. Kwenye fumbo hakuna wa kumuuliza.

Kilichonishangaza zaidi, na hapa nataka mtu atulie aangalie, ni kwamba fumbo lilisimama kwa hesabu zote mbili. Kwa kawaida ukisoma kidokezo vibaya unagonga ukuta, kama yule kijana wa Kasulu, unajua kuna kitu hakiko sawa. Hapa hakuna ukuta. Weka Baraka usiku wa nne badala ya wa tatu, beseni hazijaguswa, Amani inabaki usiku wa pili kwa sababu ndo yenye 8, Subira lazima iitangulie kwa hiyo ni wa kwanza, Neema inabaki na wa tatu. Jibu moja, safi, hakuna lingine. Kila upande umepata fumbo kamili lenye jibu moja, na kila upande una haki ya kushangaa mwenzake anakosea wapi.

Na ile mistari yangu sita isingeliona hili hata ningeihesabu mara mia. Majibu mawili ya mwanzo, yale ya daftarini, yalitokana na kidokezo kilichopungua, na jedwali likayafichua. Haya ya pili yalitoka kwenye neno, na jedwali nililijaza mimi kwa maana niliyonayo mimi kichwani, kwa hiyo lilikuwa limeshachagua upande kabla sijaanza kuhesabu. Hesabu inapima mantiki. Neno linapimwa na mdomo wa mtu mwingine, tena mtu asiyekulia kwenye hesabu zako.

Mwalimu mmoja rafiki yangu yuko Tabora akanishauri niongeze mstari chini, "usiku wa Ijumaa maana yake Ijumaa baada ya magharibi", kazi imeisha. Nilikataa na bado nakataa. Kwanza watu hawasomi maelezo ya chini mpaka wameshafumbua. Lakini kubwa zaidi, mstari ule ungekuwa unamwambia yule mzee na yule mama kwamba Kiswahili chao ndo kina kasoro na fumbo langu halina, wakati ni kinyume chake. Boti ikivuja huandiki kibao kwamba abiria wakae upande huu, unaipandisha nchi kavu unaipiga kalafati.

Bahati nzuri lugha yenyewe ina neno ambalo halina ubishi na tunalitumia kila siku, hata kwenye taarifa za habari: usiku wa kuamkia. Usiku wa kuamkia Ijumaa ni mmoja tu kwa kila mtu, awe wa kalenda awe wa magharibi. Nikabadilisha, kuanzia usiku wa kuamkia Jumatano mpaka usiku wa kuamkia Jumamosi. Ubishi ukaisha.

Ila na utamu ukaisha. Kile kidokezo cha kwanza, dagaa wa Baraka waliuzwa Ijumaa asubuhi, mwanzoni kilikuwa kinamtaka mtu afikiri hatua moja, kutoka asubuhi arudi usiku wake. Sasa "kuamkia Ijumaa" na "Ijumaa asubuhi" vimekaa karibu mno, ni kama kumwambia mtu moja kwa moja Baraka weka hapa. Nilikaa nacho siku mbili. Nikajaribu kukizungusha, "Baraka haikuuza Jumamosi", kikawa kinyonge na hakinifikishi popote peke yake. Mwishowe nikakitupa kabisa, nikaandika kingine kisichotaja siku: Baraka iliuza dagaa wake, na kesho yake Neema ikauza wa kwake. Yaani zimefuatana, lakini ni wapi kwenye wiki, utafute mwenyewe.

Nikahesabu upya toka mwanzo (ukigusa kidokezo kimoja hesabu ya zamani imekufa, usiiamini). Amani 8, Subira 4, Neema 6, Baraka 2, kama kawaida. Amani usiku wa pili. Baraka na Neema zifuatane, na wa pili umeshachukuliwa, kwa hiyo nafasi pekee iliyobaki ni wa tatu na wa nne. Subira imebakiwa na wa kwanza.

Subiri. Subira imejikuta wa kwanza na mimi sijagusa kile kidokezo cha "Subira ilitoka kabla ya Amani". Nikafanya mtihani wa kufuta, nikakitoa, jibu bado ni moja. Kidokezo ambacho wiki iliyopita bila chenyewe fumbo lilikuwa linavuja, leo kimekufa kwa sababu jirani yake amebadilika. Na kilikuwa na shida yake ndogo pia, maana kuna waliosoma "kabla ya" kama usiku uliotangulia tu, kwenye toleo la kwanza haikudhuru kwa bahati, lakini kingine kingeweza kudhuru. Nikakiondoa kwa furaha. Vikabaki vitano, nikafuta kimoja kimoja tena, vyote vina kazi.

Kwa hiyo fumbo la sasa linasomeka hivi. Ndugu wanne wana boti nne, Amani, Baraka, Neema na Subira, na injini moja wanayopokezana. Kuanzia usiku wa kuamkia Jumatano mpaka usiku wa kuamkia Jumamosi kila boti ilitoka usiku mmoja kuvua dagaa, ikauza asubuhi iliyofuata. Mizigo ilikuwa beseni 2, 4, 6 na 8. Subira ilipata nusu ya beseni za Amani. Neema iliizidi Baraka. Neema haikufikisha beseni 8. Boti yenye beseni 8 ilitoka usiku wa kuamkia Alhamisi. Baraka iliuza dagaa wake, kesho yake Neema ikauza wa kwake. Picha ina nyota tu, mwezi nimeutoa.

Ni fupi kuliko la kwanza, mlango wake uko wazi, na toka nimeliweka sijapata mtu mwenye jibu la pili. Kabla ya kuliweka nilimsomea dada wa Kibirizi, nikampigia mzee, na nikampa mpwa wangu wa kidato cha pili, na sikuwaomba walifumbue, niliwaomba tu waniambie kwa maneno yao kila sentensi inasema nini. Mpwa wangu alikwama kwenye "haikufikisha", akauliza kama 8 yenyewe imo, nikamwambia we unaonaje, akasema haimo, nikaiacha.

Lakini lile la zamani sikutaka lipotee. Mzee ndo alisema, kwenye simu ile ile kabla hatujaagana, kwamba kama wewe na mimi tumepata kila mtu lake na wote tuko sawa, basi hapo kuna fumbo lingine. Nililifikiria siku tatu hilo. Nikaliweka Jumamosi iliyopita: mzee wa Ujiji na kijana wa Mwanga wamesoma vidokezo vile sita, kila mmoja kwa hesabu yake ya usiku, wote wamefumbua bila kosa. Ni boti ipi moja tu ambayo wote wawili wanaiona ziwani usiku ule ule, sio kwa jina la usiku, kwa giza lenyewe?

Wengi walikimbilia Subira na Amani, maana kwenye majedwali yote mawili ziko Jumanne na Jumatano. Majina yanafanana kweli, lakini usiku wa Jumanne wa mzee ni Jumatatu jioni ya kijana, kwa hiyo Subira wanapishana giza zima, na Amani vile vile. Neema wanapishana zaidi, mzee anaiona inatoka Jumatano jioni, kijana anaiona Ijumaa jioni, tofauti ya usiku mbili.

Mzee hakuandika kitu. Jioni ikaingia voisi ya sekunde nne, nyuma yake nasikia mjukuu anacheka. "Baraka," anasema. "Hiyo tumeiuzia soko moja."